Sosi ya nyama choma Kyela: faida imo kwenye ndimu, si kwenye nyanya

Jioni ya Jumamosi mjini Kyela moshi wa nyama humfikia mteja kabla hajaona jiko. Kuna mbuzi, kuna kuku wa kienyeji, kuna kitimoto kwa wanaokula, na kadiri mtu anavyosogea kuelekea ziwani, Itungi na Matema, nyama hupungua na samaki huongezeka: magege, mbufu, na akipatikana, mbasa. Bei ya vitu hivyo kila mfanyabiashara anaijua kwa kichwa. Kitu ambacho hakimo katika hesabu za wengi ni kile kinachowekwa pembeni ya sahani, yaani sosi.

Kwenye meza ya kawaida ya bar hukosi vitu vitatu. Kibakuli cha pilipili kichaa iliyotwangwa na chumvi na kukamuliwa ndimu. Sahani ya kachumbari. Na chupa ya kiwandani, mara nyingi moja ya "tomato" na moja ya "chili", mfuniko wake umetobolewa kwa msumari wa moto ili mteja asimwage nyingi. Kibakuli hutolewa bure. Chupa imenunuliwa kwa fedha taslimu. Wateja nao hugusa kibakuli kwanza.

Hapo ndipo penye jambo la kuwavutia wenye mitaji midogo wa Kyela, Ipinda na Kasumulu, ambao kwa muda sasa wamekuwa wakiulizana kama biashara ya kusindika sosi inalipa. Jibu ni kwamba inaweza kulipa, lakini si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria.

CHUPA ZINATOKA WAPI

Chupa zilizopo katika maduka ya Kyela zinatoka pande tatu. Kundi la kwanza ni la ndani ya nchi, hasa Iringa, ambako Dabaga wamejijengea jina kwa sosi za nyanya, za pilipili na achari. Red Gold ya kampuni ya Darsh Industries ya Arusha, ambayo nayo husindika nyanya mkoani Iringa, inafahamika kwa kila muuza chips. Kundi la pili linatoka Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu, na mfalme wake ni Nali, sosi ya pilipili kichaa iliyoanza kutengenezwa kusini mwa nchi hiyo katika miaka ya 1970. Kundi la tatu ni la sosi za ng'ambo za kuchomea nyama, nene, nyeusi na tamu, ambazo hukaa zaidi katika maduka makubwa ya Mbeya kuliko Kyela.

Tuzipime kwa ulimi kwanza, kisha kwa fedha.

Sosi ya nyanya ya kiwandani ni nzuri kwa chips na mayai. Kwa nyama iliyochomwa kwa mkaa ni tamu mno, na zile za bei ya chini zina maji, wanga na sukari kuliko nyanya, jambo ambalo mtu akisoma lebo ataliona mwenyewe. Zile za Iringa ziko juu ya wastani. Dabaga ya pilipili inastahili heshima yake. Ina ukali wa kutosha na haimfukuzi mlaji.

Nali ni kitu kingine. Ni kali kweli, haitaniwi, na ina ladha moja isiyobadilika kutoka chupa hadi chupa. Mlaji wa Karonga na mlaji wa Kasumulu wote wanajua watakachopata wakifungua kifuniko. Kama kuna sosi ya dukani inayostahili kukaa karibu na mbasa wa kuchoma, ni hiyo.

Sosi za Kimarekani za kuchomea nyama hazina kosa lolote zikiwa kwao. Kansas City wanatumia nyanya na sukari guru iliyokolea, Carolina wanatumia siki na pilipili, na kila upande unadharau upande wa pili kama Simba na Yanga. Lakini nyingi za chupa zimetiwa harufu ya moshi kwa sababu mnunuzi wake anapika kwa gesi au kwenye oveni. Kyela moshi upo tayari, bure, tena mwingi. Kumwekea mchoma nyama wa mkaa sosi yenye harufu ya moshi ni kumpelekea mvuvi wa Itungi ndoo ya maji. Isitoshe sukari hiyo ikipakwa nyama ikiwa jikoni huungua kabla nyama haijaiva, na mteja anabaki na uchungu mdomoni.

Inayobaki ni ile ya kwenye kibakuli. Kwa nini inashinda? Sababu si uzalendo. Kitimoto ana mafuta, mbasa ana mafuta, mbuzi wa mbavu ana mafuta. Mafuta yanataka uchachu wa kuyakata, na ndimu inafanya kazi hiyo kuliko nyanya. Wapishi wa pwani wanaotia ukwaju kwenye mishikaki wanafuata kanuni hiyohiyo, na hata Waingereza wa Lea & Perrins, walioanza kuuza sosi yao mjini Worcester mwaka 1837, waliweka ukwaju ndani. Mteja wa Kyela haelezi hivyo. Yeye akiletewa chupa husema tu, "Hapana mama, nipe ile yako," naye mama anajibu, "Basi subiri niikamulie ndimu, mwanangu."

MTEGO WA NYANYA

Pamoja na hayo, mtu akikaa na wajasiriamali wanaotaka kuanzisha kiwanda kidogo, kumi kati ya kumi watamtajia tomato sosi. Wanaona chupa nyekundu kila kibanda cha chips na wanadhani huko ndiko soko liliko. Soko lipo kweli, ila lina wenyewe.

Kwanza, Kyela si nchi ya nyanya. Ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa uko chini, mita mia nne na sabini na kitu tu juu ya usawa wa bahari, una joto, na sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mpunga na kakao vinaipenda hali hiyo. Nyanya inapata ukungu. Nyanya nyingi zinazouzwa katika masoko ya wilaya huteremka na malori kutoka nyanda za juu, na mtu anayetaka kuzisindika Kyela anaanza mbio akiwa nyuma ya mwenzake wa Iringa ambaye anazipata mlangoni kutoka Ilula.

Pili, nyanya ni maji. Kiasi cha asilimia 94 ya nyanya mbichi ni maji, na ili kupata kilo moja ya rojo nzito ya kiwandani zinahitajika kilo tano hadi sita za nyanya. Maji hayo hayaondoki yenyewe. Yanaondolewa kwa kuni, mkaa au umeme. Kiwanda kikubwa kina mitambo ya kuyachemsha kwa gharama ndogo. Mjasiriamali mwenye sufuria tatu anachoma faida yake jikoni huku akiitazama.

Tatu, anashindana na rojo ya nyanya iliyosindikwa inayouzwa duniani kwa mapipa, nyingi yake ikitoka China. Wapo viwanda vidogo vinavyonunua rojo hiyo, kuichanganya na maji, sukari na siki, na kujaza chupa. Huo si ushindani wa kuingia na mtaji wa akiba ya mpunga.

Mwenye kutaka tomato sosi basi aende Ilula. Kyela ina vitu vingine.

YALIYOPO NYUMA YA NYUMBA

Pilipili kichaa inaota hata pasipopandwa. Ndimu na malimao yapo, na msimu wa wingi mengine huozea chini ya miti. Mawese ya Kyela hayahitaji kutangazwa. Ndizi zinapandishwa malori kila wiki, na zile zilizoiva njiani hutupwa. Usipa, wale dagaa wa Nyasa, wanaanikwa ufukweni. Na kakao, ambayo kwa sehemu kubwa ya taifa inatoka hapa na kwa jirani zao wa Rungwe na Busokelo.

Kakao inaingiaje katika sosi? Si kwa mbegu yake. Bei ya mbegu ilipopanda duniani mwaka 2024, ikavuka dola 10,000 kwa tani katika soko la New York, hakuna mwenye akili angeitia sufuriani. Jambo lenyewe ni utomvu. Mkulima anapovundika kakao kwa siku tano hadi saba, siku ya kwanza na ya pili ule ute mtamu unaozunguka mbegu hutiririka na kuishia ardhini. Ghana, taasisi yao ya utafiti wa kakao imeonyesha kwa miaka mingi kwamba utomvu huo unatengeneza siki, jemu na hata vinywaji vikali. Siki ndiyo kiungo cha pili katika sosi yoyote ya pilipili inayotakiwa kukaa miezi dukani. Leo mjasiriamali wa Kyela anainunua kwenye chupa kutoka mjini, huku malighafi yake inapita chini ya sanduku la kuvundikia. Ndizi zilizoiva kupita kiasi nazo hutoa siki kwa njia hiyohiyo: sukari igeuke kilevi, kilevi kigeuke siki. Wazee wanaotengeneza pombe ya ndizi wanaijua hatua ya kwanza vizuri. Ya pili huwatokea kwa bahati mbaya.

Usipa na mawese ni wazo la pili, na huenda likawa bora zaidi. Ghana hiyohiyo wana sosi nyeusi inayoitwa shito: pilipili, tangawizi, vitunguu, samaki wakavu waliosagwa, vyote vikakaangwa polepole kwenye mafuta mpaka maji yaishe. Inakaa, inasafiri, na Waghana wa London wanaitafuta madukani. Kila kinachohitajika kutengeneza ndugu yake wa Kyela kinapatikana kati ya Ipinda na Matema. Akina mama wa kandokando ya ziwa wamezoea kukaanga usipa na pilipili kwa ajili ya ugali. Kinachokosekana ni mtu wa kuikaanga mara mbili kwa namna ileile.

Neno hilo, "kwa namna ileile", ndilo linalowaangusha wengi. Pilipili ya kibakuli ni tamu kuliko ya chupa siku ikiwa nzuri. Siku nyingine mama amekosa ndimu akatia maji, au pilipili ni changa, au kijana wa jikoni amezidisha chumvi. Mteja husamehe kwa sababu ni bure. Akishalipia hasamehi. Nali inasafirishwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kusini mwa Malawi hadi kwenye mji ambao pilipili kichaa zinaota uani, na inanunuliwa, kwa sababu chupa ya leo ni sawa na ya mwaka jana. Huo ndio utaalamu unaouzwa pale, zaidi hata ya pilipili.

HESABU YA CHUPA NA HESABU YA NDOO

Sasa fedha. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko, kila mmoja aweke tarakimu zake.

Tuseme sosi ya pilipili na ndimu inayoingia kwenye chupa ya mililita 250 inagharimu sh. 400. Chupa tupu ya kioo na mfuniko wake, pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam ambako kiwanda cha Kioo Limited kiko, iwe sh. 600. Lebo iwe sh. 150. Chupa moja imefika sh. 1,150, na zaidi ya nusu yake si sosi. Ndoo ya lita 20 inatoa chupa 80, mtaji sh. 92,000. Nne zikivunjika njiani, zinabaki 76. Zikiuzwa kwa duka kwa sh. 1,800 kila moja, zinaleta sh. 136,800. Faida kabla ya kuni na vibarua ni sh. 44,800. Si mbaya.

Lakini mwenye duka hatoi fedha siku hiyo. Anachukua mali kauli, anaweka rafuni, analipa mwisho wa mwezi kama zimetoka. Kwa hiyo faida hiyo ni ya mwezi mzima, kwa mtaji wa sh. 92,000.

Sasa ndoo ileile iuzwe ikiwa ndoo. Sosi yake imegharimu sh. 32,000. Iuzwe kwa wenye bar na wachoma nyama kwa sh. 3,000 kwa lita, ambayo kwao ni nafuu kuliko chupa na haiwasumbui kutwanga. Inaleta sh. 60,000, faida sh. 28,000, na ndoo inarudi kuoshwa. Bar inaimaliza kwa wiki na inalipa kwa wiki, kwa sababu bila pilipili nyama haitoki. Kwa mwezi mtaji wa sh. 32,000 umezunguka mara nne na kuleta sh. 112,000.

Mtu anaweza kubadilisha kila tarakimu hapo juu na bado mwelekeo utabaki uleule mradi chupa ni ghali kuliko kilichomo ndani. Chupa inaleta jina. Ndoo inaleta mzunguko. Mwenye mtaji mdogo anahitaji mzunguko kwanza, jina baadaye. Tatizo ni kwamba ndoo haina fahari. Hakuna anayepiga picha na ndoo. Wajasiriamali wengi huanza na lebo ya rangi nne, huchapisha elfu mbili, na baada ya mwaka lebo elfu moja na mia nane bado zipo chini ya kitanda.

Lipo jambo la kodi pia ambalo wachache hulitazama. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kimepanda kutoka sh. milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Mtengenezaji mdogo yuko chini ya hapo na hatozi VAT, lakini ile asilimia 18 iliyo ndani ya bei ya chupa na lebo ameshailipa na hawezi kuidai. Ni sababu nyingine ya chupa kumla aliye mdogo kuliko aliye mkubwa.

SHERIA NA TUMBO LA MTEJA

Ndoo haimaanishi kukwepa sheria. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kusindikia umetoka TFDA na kuwa kazi ya TBS, na anayeuza chakula kilichosindikwa anatakiwa kupita huko. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, linatoa mafunzo na barua ya utambulisho ambayo humpunguzia mjasiriamali mdogo gharama za kupata alama ya ubora. Njia ipo. Ina foleni, lakini ipo.

Sababu ya kuifuata si kuogopa afisa tu. Pilipili inayouzwa stendi katika chupa zilizokwisha kutumika za maji ya kunywa ina matatizo mawili. Chupa hizo haziwezi kujazwa sosi ya moto, zinajikunja. Kwa hiyo hujazwa ikiwa imepoa, vijidudu vinaingia, sosi inachacha, gesi inajaa na kifuniko kinaruka. Hilo linaonekana, na mteja anaitupa. La hatari ni lisiloonekana. Sosi isiyo na uchachu wa kutosha, hasa yenye kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta, inaweza kufuga kijidudu chenye sumu ya kuua bila kubadilika harufu wala ladha. Kipimo kinachotambulika duniani ni pH 4.6, chini ya hapo kijidudu hicho hakioti. Mtengenezaji mwangalifu hulenga 4.0 au chini, na maji ya ndimu halisi, ambayo yenyewe ni kati ya 2 na 2.5, humfikisha huko akitia ya kutosha. Anayepunguza ndimu ili kuokoa shilingi hamsini anacheza na tumbo la mteja. Kipima pH cha mkononi ni kifaa kidogo, na kingepaswa kununuliwa kabla ya lebo. Wa shito ya usipa naye azingatie kukaanga hadi maji yaishe kabisa. Mafuta juu ya unyevunyevu ni mtego.

MPAKA UKIFUNGWA

Wapo watakaosema kwamba hakuna haja ya haya yote kwa kuwa Nali ipo, Dabaga ipo, na mfanyabiashara anapata chake kwa kuvusha na kuchuuza. Kwa miaka mingi hiyo imekuwa biashara ya kawaida ya Kasumulu, wala haina ubaya.

Ila mwaka 2025 ulitoa funzo. Mwezi Machi Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwamo mchele, unga, tangawizi na ndizi. Malori ya ndizi yakakwama na mzigo ukaoza. Mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa na mazungumzo yakafuata, lakini aliyekuwa na ndizi barabarani wiki zile hakulipwa na mtu. Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo mchuuzi wa mpakani anategemea uelewano wa serikali mbili kuliko anavyopenda kukubali.

Ndizi ya lori ikizuiwa siku kumi ni hasara tupu. Siki iliyotokana na ndizi hiyo ikizuiwa siku kumi inazidi kukomaa. Hapo ndipo faida halisi ya kusindika ilipo kwa wilaya ya mpakani, mbali na maneno ya majukwaani kuhusu kuongeza thamani.

MKULIMA NDIYE KIWANDA

Wawekezaji wadogo waliozoea kununua hisa watauliza kama wanaweza kuingia kwa njia hiyo. Hapana. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya sosi iliyoorodheshwa. Viwanda vilivyopo ni vya watu binafsi na familia. Anayetaka kuingia ataingia kwa ubia wa moja kwa moja, au kupitia vikundi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024, na biashara ya ndoo inafaa vikundi hivyo kuliko mashine za gharama ambazo huishia kufunikwa turubai.

Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji aulize swali moja tu: pilipili inatoka kwa nani, na kwa makubaliano gani? Marekani kampuni ya Huy Fong, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1980 na mkimbizi kutoka Vietnam, David Tran, ilifanya sosi yake ya sriracha kuwa maarufu dunia nzima. Kwa miaka 28 ilitegemea pilipili za shamba moja, Underwood Ranches. Wakakosana juu ya malipo, uhusiano ukavunjika, na mwaka 2019 baraza la mahakama likaamuru mkulima alipwe dola milioni 23.3. Kilichouma zaidi kilikuja baadaye: mwaka 2022 kampuni ilikosa pilipili, ikasimamisha oda, na wapinzani wakajaza rafu zake. Jina lilikuwepo, jogoo yule kwenye chupa alikuwepo, pilipili hazikuwepo.

Upande wa huku, Nando's ilianza na mgahawa mmoja wa kuku Johannesburg mwaka 1987, kwa ladha ya Wareno wa Msumbiji. Neno peri-peri linalong'aa kwenye chupa zao ni pilipili hiihii, na sehemu ya pilipili hizo hulimwa na wakulima wadogo wa kusini mwa Afrika, Malawi wakiwamo. Mkulima wa Karonga akisogezewa soko la namna hiyo na wa Kyela akabaki na soko la Jumamosi, tofauti yao ni mto Songwe tu.

Pilipili kichaa ina adha yake: ni ndogo, inachumwa kwa mkono moja moja, na vidole vinawaka. Mtu hawezi kuichuma kwa bei ya kutupa. Mtengenezaji atakayewapa wakulima kumi bei inayojulikana kabla ya msimu, akazilipa siku ya kupokea, atakuwa na sosi mwaka mzima kwa sababu pilipili ikikamuliwa chumvi na kufungwa vizuri hukaa. Tabasco wa Louisiana wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1868, pilipili iliyosagwa na chumvi ikilala kwenye mapipa hadi miaka mitatu kabla ya kutiwa siki. Viungo vitatu, basi.

Kwa sasa mwenye nia na aanze na bar tano za Kyela mjini na mbili za Matema, ambako wageni wameongezeka tangu lami ifike. Awape ndoo moja moja kwa wiki nne, asibadilishe kipimo hata mara moja, na ahesabu ni wangapi wanaoomba ya pili kabla ya ya kwanza kuisha. Kwa zile za Matema anaweza kutafuta vyungu vidogo vya Wakisi pale gulio la Jumamosi la Lyulilo, kimoja kwa kila meza. Vitapendeza kuliko chupa iliyotobolewa kwa msumari. Havifai kuhifadhia kwa kuwa udongo unanyonya, hivyo visafishwe kila jioni na kujazwa upya asubuhi.